Karatasi ya mgongo isikupandishe presha kabla hujajua imeandikwa nini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua, najua hii ni ndefu, kateni mnapoweza ila msiguse sehemu ya subluksesheni, neno la kwenye karatasi hizo nitakalolieleza mbele, manake hiyo ndo imenifanya nikae chini niandike.

Ukurasa wenu wa afya unaandika sana kuhusu mgongo na mko sahihi kabisa, Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu kama milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, yani ni shida ya kila ukoo. Ila kila mkiandika mnaishia kwenye namna ya kukaa, namna ya kuinua mzigo, mazoezi, basi. Ile karatasi hamjawahi kuigusa. Mtu anaenda kwa kairoprakta, yule mtabibu anayenyoosha mgongo kwa mikono, anapapaswa mgongo, anapigwa picha, anatoka na karatasi imejaa maneno marefu yasiyotamkika, na kuanzia siku hiyo anaumwa vitu viwili, mgongo na karatasi.

Mi kazi yangu ni chumba cha eksirei. Kusoma picha ni kazi ya daktari wa radiolojia na sitaki mtu aseme nimejipandisha cheo, mi napiga tu. Lakini watu wakishapewa majibu hunirudia mlangoni wananyoosha karatasi wanauliza hii maana yake nitapooza? Na nimegundua tatizo lao kubwa si ugumu wa maneno, ni kwamba wanasoma karatasi nzima kwa uzito mmoja. Mstari unaotaja ni pingili ya ngapi, mstari unaosema kimeonekana nini, na mstari wa chini ambao ni maoni ya mwandishi kuhusu nini kinasababisha maumivu, yote kwao ni hukumu. Wakati ni mambo matatu tofauti. La kwanza ni anwani tu. La pili ni maelezo ya picha. La tatu ndo utambuzi, na hilo ndo la kuulizia maswali.

Herufi na namba ni rahisi, tuzimalize haraka. C ni shingo, ina pingili 7. T ni kifua, 12, wengine huandika D badala ya T na ni kitu kilekile. L ni kiuno, 5. S ni lile fupa pana nyuma ya nyonga ambalo utotoni ni pingili 5 zinazokuja kuungana ukubwani, na chini yake kuna kifandugu. Ukiona L4-L5 hapo inatajwa nafasi iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, pale inapokaa diski, ule mto laini katikati ya pingili, na L5-S1 ni nafasi inayofuata chini yake. Hizo mbili utazikuta kwenye karatasi za watu wengi sana kwa sababu ndo zinabeba mzigo na ndo zinapinda kuliko zote za kiuno, diski za kiuno zinazochomoka nyingi huchomoka hapo. Kuna kitu huwachanganya watu: karatasi inasema diski ya L4-L5, halafu chini inasema mzizi wa mshipa wa fahamu wa L5 umebanwa, mtu anaona namba hazilingani anadhani kapewa majibu ya mwenzake. Hapana, kiunoni diski ikitokeza nyuma kwa pembeni kwa kawaida inaugusa mshipa unaopita hapo kwenda kutokea chini ya pingili inayofuata. Na shingoni usishangae kuona C8 wakati pingili ni 7, mishipa ya fahamu ya shingo iko jozi 8.

Haya, sasa ile familia ya spondilo. Hapa ndo watu wanalia. Majina manne yanafanana kama mapacha halafu uzito wao haukaribiani hata kidogo, na nimeona mtu kasoma moja mtandaoni akajiandaa kwa upasuaji kumbe karatasi yake imeandika lingine.

Spondilosisi ni kuchakaa kwa kawaida kwa mgongo. Diski zimepungua urefu, pembeni mwa pingili vimeota vijifupa vinavyoitwa osteofaiti, yale maungio madogo ya nyuma yanayoitwa fasiti yamekakamaa. Mtu mzima kukuta neno hili kwenye picha yake si habari mpya, ingekuwa habari kama lisingekuwepo. Spondilolaisisi ni kitu kingine, huo ni ufa kwenye kijidaraja chembamba cha mfupa upande wa nyuma wa pingili, mara nyingi L5, na huwapata hata vijana, hasa wanamichezo wanaopinda mgongo kwenda nyuma tena na tena kama wa jimnastiki. Spondilolisthesisi ndo pingili imeteleza juu ya mwenzake, na mara nyingine imetokana na ule ufa, mara nyingine ni uchakavu wa fasiti. Wengine wanaiandika anterolisthesisi ikiwa imeenda mbele na retrolisthesisi ikiwa imerudi nyuma. Neno linatisha, lakini mbele yake huwa kuna gredi na watu hawaiangalii kabisa! Kipimo kinachotumika mpaka leo kilitolewa na daktari wa mifupa Meyerding mwaka 1932: gredi 1 ni kuteleza hadi robo ya upana wa pingili ya chini, gredi 2 hadi nusu, 3 hadi robo tatu, 4 zaidi ya hapo. Gredi 1 iliyotulia wengi wanaishi nayo bila hata kujua, gredi 3 ni mazungumzo mengine kabisa. Kwa hiyo usimwambie ndugu yako pingili yako imeteleza ukaishia hapo, mwambie na gredi.

Wa nne ni spondilaitisi, na huyu simpendi watu wamchanganye na spondilosisi kwa herufi chache tu. Hapa kuna mwako ndani ya mgongo, ama kinga ya mwili inajishambulia yenyewe ama ni maambukizi. Ile ya kinga ya mwili huanza mapema, mtu bado yuko chini ya miaka 45, anaamka mgongo umekakamaa kama mbao, akitembea tembea unalegea, akipumzika unarudi kuuma. Mtu wa namna hiyo anahitaji vipimo vya damu na daktari wa magonjwa ya viungo, si kunyooshwa tu kila wiki.

Diski nayo ina ngazi zake. Balji ni diski imetuna kuzunguka mpaka wake, bado iko kwake. Protrusheni imesukumika upande mmoja. Ekstrusheni, ule ute wa katikati umepasua ukuta na kutoka nje. Sekwestresheni, kipande kimekatika kabisa kinaelea peke yake. Watu wanasema diski imechomoka kwa zote nne, na hapo ndo mkanganyiko unaanza, mmoja ana balji anaogopa kama mwenye sekwestresheni. Na kuna jambo la ajabu ambalo wagonjwa hawaambiwi: zile zilizotoka kabisa ndo zenye nafasi kubwa zaidi ya kunywea zenyewe kwa miezi kadhaa, mwili unazitambua kama kitu kigeni unazila taratibu, wakati balji ndogo inaweza kukaa hapo miaka bila kubadilika. Kwa hiyo ukubwa kwenye picha si lazima uwe ubaya wa safari.

Na hata kuonekana kwenye picha si lazima iwe ndo inauma. Hili ningependa mlichapishe kwa herufi nene. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa watu 98 wasioumwa mgongo kabisa, wakapigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, asilimia 52 wakakutwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja. Mwaka 2015 watafiti wakakusanya tafiti 33 zenye watu 3,110, nao wote hawana maumivu, wakakuta wenye miaka 20 asilimia 37 tayari diski zimeanza kuchakaa, na wenye miaka 80 ni asilimia 96. Wasioumwa hao! Sasa wewe una miaka 50, umeamka kiuno kimekaza, unapigwa picha, inaandikwa ugonjwa wa kuchakaa kwa diski L5-S1, unajiita mgonjwa wa diski maisha yako yote. Inawezekana picha hiyohiyo ungekuwa nayo mwaka juzi ulipokuwa unacheza na kuruka. Neno ugonjwa hapo limekaa vibaya tu, ndivyo lilivyozoeleka.

Ndo maana mtabibu mzuri hategemei picha peke yake. Anauliza maumivu yanashuka mpaka wapi, yanapita nje ya ugoko au nyuma ya paja, kidole gumba cha mguu kina nguvu, kisigino kinainuka. Radikulopathi ikiandikwa maana yake mzizi wa mshipa wa fahamu wenyewe umeguswa na kazi yake imepungua, kuna ganzi au nguvu imeshuka au ile rifleksi ya kugongwa goti imefifia. Saiatika ni yale maumivu ya kushuka mguuni. Kile kipimo cha kulala chali mguu ukainuliwa ukiwa umenyooka, kama maumivu yanatiririka chini ya goti ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, kinaonyesha mzizi umekasirika. Kiuno kuuma bila kushuka popote ni hadithi tofauti, na karatasi inayosema radikulopathi wakati mtu anaumwa kiuno tupu ni ya kuulizia.

Mipindo nayo, haraka. Lodosisi na kaifosisi si magonjwa, shingo na kiuno vinatakiwa viwe na lodosisi, kifua kinatakiwa kiwe na kaifosisi, kinachozungumziwa ni ikizidi au ikipungua. Kupotea kwa lodosisi ya shingo naiona kila wakati na niseme kama mpiga picha, mtu akiinamisha kidevu kidogo tu mbele ya mashine, au misuli ikiwa imekaza kwa woga, mpindo unanyooka kwenye picha. Skoliosisi inahesabika kuanzia nyuzi 10 kwa kipimo cha Cobb, yani pembe ya mpindo inayopimwa kwenye picha, chini ya hapo mgongo kupinda kidogo ni kawaida ya binadamu. Mguu mmoja mfupi kwa milimita chache, wengi tuko hivyo.

Sasa subluksesheni.

Neno hili lina watu wawili wanaolitumia na hawaongelei kitu kimoja. Hospitali likiandikwa ina maana kiungo kimetoka nusu mahali pake na unaweza kukinyooshea kidole kwenye picha, ikitokea shingoni baada ya ajali hata kugeuza kichwa unakatazwa. Kwa makairoprakta wengi likiandikwa ina maana pingili haichezi inavyotakiwa au iko kombo kidogo na kuathiri mishipa ya fahamu, kitu ambacho mara nyingi anakihisi kwa vidole na picha haionyeshi chochote. Unaona hatari? Mgonjwa anapewa karatasi imeandikwa subluksesheni ya C1, T5 na L4, anaenda nayo emagensi, daktari anashtuka au anacheka, na vyote viwili vinamwumiza mgonjwa.

Hili limeanza mbali. Mwaka 1895, mji wa Davenport, jimbo la Iowa huko Marekani, D. D. Palmer, mwanzilishi wa fani ya kairoprakta, alimnyoosha mgongo msafishaji wa jengo mmoja, Harvey Lillard, aliyekuwa na shida ya kusikia, akadai kusikia kumerudi, akajenga juu yake nadharia kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili kukaa vibaya. Fani imekua sana tangu hapo na wapo makairoprakta wengi, wengi kabisa, wasioikubali tena nadharia hiyo. Uingereza, baraza lenyewe linalosimamia makairoprakta lilitoa tamko mwaka 2010 kwamba ile subluksesheni ni dhana ya kihistoria, imebaki kama nadharia, na haina ushahidi wa kitabibu unaotosha kudai ndo chanzo cha magonjwa. Wamesema wao wenyewe, si mimi wa eksirei.

Sisemi msiende. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeweka kunyoosha uti wa mgongo kati ya mambo yanayoweza kutolewa, pamoja na mazoezi, elimu na masaji, na umekataa mikanda ya kiuno na mashine za kuvuta mgongo kama tiba ya kawaida. Kwa hiyo kiuno, sawa. Lakini ukiona karatasi inaunganisha T5 na pumu ya mtoto, au T6 na vidonda vya tumbo, au kuna mchoro wa rangi ukutani kila pingili na kiungo chake cha ndani, hapo umetoka kwenye mgongo umeingia kwenye imani. Na ukiambiwa uko awamu ya pili ya kuharibika na bila kunyooshwa mara tatu kwa wiki utafika ya nne, omba tu kwa upole akuonyeshe kwenye picha ni wapi, akueleze hicho kinahusiana vipi na pale unapoumwa, na ni lini mtakubaliana kwamba haijasaidia mjaribu kitu kingine. Kairoprakta mzuri hayo maswali hayamkeri hata kidogo. Anayekasirika, kakujibu.

Yapo maneno ambayo kweli ukiyaona usilale nayo nyumbani, na inaniuma kwamba watu wanaogopa spondilosisi halafu haya wanayapita. Mielopathi, maana yake si mzizi tena bali uti wenyewe wa fahamu unabanwa, mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati, anatembea kama sakafu inayumba, maandishi yamebadilika. Stenosisi peke yake ni kuwa mwembamba kwa ule mfereji na wengi wanayo kidogo, lakini stenosisi kali shingoni yenye dalili hizo ni ya daktari bingwa, na shingo hiyo isisukumwe na mtu. Fraktcha ya kubonyea, yani pingili imevunjika kwa kubonyea, hasa kwa mama mtu mzima mifupa imedhoofika au anayetumia dawa za steroidi. Neno lizheni, ambalo maana yake kuna kitu kimeonekana na hakijajulikana ni nini, sana sana kama mtu aliwahi kuugua saratani au anapungua uzito bila sababu au ana homa. Na kauda ikwaina, lile fungu la mishipa linaloendelea chini baada ya uti wa fahamu kuishia karibu na L1 na L2. Hiyo haihitaji hata karatasi. Ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mkojo hautoki au unatoka bila kujua, miguu yote miwili inalegea, hapo ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, mambo ya kusubiri miadi ya kunyooshwa hakuna.

Shingo nayo niitaje. Kunyooshwa shingo kwa kishindo kumehusishwa na kuchanika kwa ateri ya shingo, ni nadra sana, ila ikitokea inaleta kiharusi. Kwa hiyo baada ya kunyooshwa ukipata maumivu makali ya shingo ambayo hujawahi kuyasikia, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, usirudi kwenye kitanda cha kairoprakta kunyooshwa tena, nenda emagensi. Na kabla ya kulala pale mwambie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Watu wanaficha dawa sijui kwa nini.

Ombi langu kwa waandishi wa hizo karatasi, makairoprakta na madaktari wote pamoja, ni dogo. Chini ya ripoti ongezeni mstari mmoja kwa lugha ya mgonjwa: kimeonekana hiki, kwa umri wako ni kawaida au si kawaida, tunadhani ndo kinauma au hatudhani. Mstari mmoja tu. Watu wangu wa mlangoni wangepungua nusu.

Na kwenu mhariri, siku mkiwa na nafasi chapisheni mchoro wa mgongo mzima, mkubwa, pingili zote na herufi na namba zake pembeni, C mpaka S, mtu akate aweke ndani ya bahasha yake ya picha aende nao kwa mtabibu. Nafasi ya tangazo moja la dawa ya mgongo inatosha kabisa.

Msomaji wenu,
wa chumba cha eksirei